Panga, flashi na pointi zetu: usalama wa mashini za chuo kikuu

Wenzangu tuliomaliza, na ninyi wadogo zetu mungali kwenye auditwari, leo nataka tuzungumze juu ya usalama wa mashini na mifumo ya chuo kikuu. Najua kuna watakaosema: huyu ni mtu wa agronomia, anatafuta nini kwenye mambo ya ordinateri? Jibu ni fupi. Pointi zangu ziko ndani ya ordinateri. Na zako pia. Ile karatasi ya deliberasio ilibandikwa ukutani, watu wakaipiga picha, mvua ikainyeshea, ikaisha. Kinachobaki ni faili moja ndani ya mashini ya mtu fulani, kwenye biro fulani. Siku ile faili inapotea, utaonyesha na nini kwamba ulipita somo la pedolojia ao la takwimu? Utasema mashahidi wako ni wenzako mliolala macho pamoja?

Hapa kwetu mtu akisikia neno "usalama wa mitandao" anawaza mambo ya wazungu, ya benki kubwa, ya watu wenye pesa. Basi acha nianzie kule kule kwa wenye pesa, kwa sababu wao walipopatwa walichunguza na wakasema mbele ya watu vile ilivyokuwa. Kisha tutarudi nyumbani.

Maastricht ni mji wa kusini mwa Uholanzi. Chuo kikuu chake kina wanafunzi zaidi ya elfu 18, na mwaka 2019 kilikuwa na seva 1,647 na ordinateri za kazi 7,307. (Seva ni ile mashini inayotunza faili na kuhudumia mashini zingine, ukiingia kwenye mfumo wa chuo kuangalia pointi zako, ni seva inayokujibu.) Tarehe 15 na 16 Oktoba 2019 wafanyakazi walipata barua pepe zenye linki iliyowapeleka kwenye hati ya Excel. Hati ikafunguliwa kwenye mashini mbili. Ndani yake kulikuwa amri ndogo zilizojificha. Ukizikubalia zitembee, zinaenda kwenye intaneti kuchukua programu nyingine na kuipanda ndani ya mashini yako. Hakuna kitu kilicholia, wala ekra haikubadilika rangi. Mwenye mashini alifunga hati, pengine akasema "hii ni kitu gani", akaendelea na kazi.

Zaidi ya mwezi mmoja wezi walikuwa ndani, wanatembea polepole kutoka mashini hii kwenda ile, wanatafuta ufunguo mkubwa. Tarehe 21 Novemba wakaupata, kupitia seva iliyokuwa haijawekewa marekebisho ya usalama. Ufunguo mkubwa maana yake ni haki za mtawala wa mfumo, yule anayeweza kufungua, kufuta na kubadilisha chochote. Hata hapo hawakufanya kelele. Waliongoja mpaka tarehe 23 Desemba jioni, watu wameenda Noeli, njo wakaachilia programu yenye jina Clop. Seva 267 za Windows zikafungwa.

Programu ya namna hiyo haiibi faili kama mwizi anayebeba mbuzi. Inazigeuza zote kuwa maandishi yasiyosomeka, kisha inakuachia barua: lipa, tukupe ufunguo wa kuzirudisha. Faili zako ziko palepale, unaziona, lakini hauna namna ya kuzisoma. Kule Maastricht ilishika barua pepe, faili za utafiti, na tena nakala za akiba za mifumo kadhaa, juu nazo zilikuwa kwenye rezo ileile. Tarehe 30 Desemba chuo kikalipa bitcoin 30, karibu euro 200,000 za wakati ule, na masomo yakaanza tena tarehe 6 Januari 2020.

Kuna kisa kidogo cha kando ambacho kinanichekesha. Polisi ya Uholanzi ilifuata njia ya ile pesa, na mwaka 2020 ikazuia sehemu yake kwenye akaunti ya mtu mmoja wa Ukraine, kitu cha thamani ya euro 40,000 hivi. Kufika 2022, vile bitcoin ilikuwa imepanda bei, ile sehemu ilikuwa na thamani ya karibu euro 500,000. Chuo kikasema itaingia kwenye mfuko wa kusaidia wanafunzi wenye shida. Laiti mahindi yetu yangepanda bei namna hiyo ndani ya kabati ya polisi. Lakini usifanye hesabu juu ya bahati kama ile.

Sasa, watu wengi wakisoma habari ya Maastricht wanatoa somo moja tu: "kuna wawili walibonyeza." Kisha wanaandaa kikao cha kuwafokea wafanyakazi wasibonyeze. Mimi sikubali. Ukiwa na ordinateri 7,307, kila siku kuna mtu amechoka, ana haraka, ana mtoto mgonjwa, anangoja barua ya kweli inayofanana na ya uongo. Kubonyeza kutatokea tu. Swali la maana ni lingine: namna gani mashini mbili ziligeuka kuwa seva 267?

Na hapa njo agronomia inaingia, munisamehe.

Sisi wa Kivu tunajua mnyauko wa migomba, ule wa bakteria. Uliingia Kongo mwaka 2001 upande wa Masisi, na tangu pale umekula mashamba ambayo yalikuwa yanalisha familia na kulipa shule. Mama zetu waliona ndizi zinaiva kabla ya wakati, unakata tunda, ndani limeoza, unakata shina, linatoa usaha wa njano. Wadudu wanaubeba kutoka ua dume la mgomba huu kwenda ule. Lakini msafirishaji mkubwa ni panga. Mkulima anakata majani ya mgomba wenye bakteria, hajui, kwa sababu mgomba unaweza kukaa na bakteria bila kuonyesha dalili yoyote. Na panga lilelile anaenda kukata mgomba wa pili, wa tatu, kisha jirani anakuja kuazima. Kila mgomba uliozaliwa kwa kupandikiza kichipukizi unafanana na mama yake, kwa hiyo kinachoua mmoja kinaua wote.

Hakuna dawa ya kupuliza inayouponya. Tuliofundishwa kazi ya shamba tunasema mambo manne: kata ua dume mapema, tena kwa kijiti chenye panda, siyo kwa panga, pitisha panga kwenye moto ao kwenye maji ya Jik kabla ya kugusa mgomba mwingine, ukiona shina lenye dalili, liondoe mara moja, na vichipukizi vya kupanda uvitoe kwenye shamba ambalo ni safi. Ni usafi tu na uvumilivu, hakuna mashini ya bei kali pale.

Ukiangalia Maastricht kwa macho ya mkulima, unaona kitu kilekile. Ugonjwa ulikaa ndani bila dalili. Rezo ilikuwa shamba moja bila mipaka ya kutosha. Kulikuwa na seva ambayo haikutunzwa. Na sehemu ya mbegu za akiba iliwekwa kwenye shamba lilelile lenye ugonjwa. Haya yote yako kwetu pia, pengine kwa ukubwa zaidi. Tofauti ni kwamba kwetu panga linaitwa flashi.

Fikiria safari ya flashi ya mwanafunzi siku ya kuweka TFC. Asubuhi iko kwa rafiki mwenye laptopu, kurekebisha ukurasa wa shukrani. Saa nne iko kwenye sekretariati, ile nyumba ya kuchapa na kupiga fotokopi mbele ya chuo, ambapo mashini moja inapokea flashi kila dakika tano. Saa sita iko kwa asistanti, anataka faili kusudi aangalie majedwali. Saa nane iko kwenye biro ya fakulte. Mashini nne kwa siku moja, na mashini ya mwisho njo ile inayotunza pointi. Hatuhitaji mwizi wa Urusi kwa kazi hiyo, tunajibebea wenyewe.

Kwenye chuo nilikosoma (sitakitaja) niliona vile inavyofanyika. Mashini ya sekretari wa juri iliingiwa na kile kirusi tunachokijua wote, kinachogeuza mafolda kuwa "rakursi". Promosheni moja nzima ikaambiwa pointi zimepotea. Siku tisa watu wanapanda na kushuka, apariteri anasema rudi kesho, dekani anasema anangoja fundi. Mwenzetu mmoja alikuwa anahitaji releve kwa kuomba kazi kwenye mradi wa mbegu, na siku ya mwisho ya kuweka dosie ikapita. Siku ya kumi, kijana mmoja wa enformatike akafungua ile mashini na faili zote zilikuwa palepale. Hazikuwa zimefutwa, zilikuwa zimefichwa tu. Kazi yake haikufika nusu saa.

Juu ya hiyo, acha nieleze kile kirusi, kwa sababu kinatisha watu bure. Kikiingia kwenye flashi, kinaweka alama ya "iliyofichwa" kwenye mafolda yako, kisha kinatengeneza rakursi zenye majina yaleyale. Ukibonyeza rakursi, folda inafunguka kama kawaida, lakini kwa siri umeendesha programu yake nayo ikaingia ndani ya mashini. Kisha kila flashi itakayochomekwa pale inapata ugonjwa. Ukiona rakursi fasi ya mafolda, usibonyeze hata moja, na usiformate flashi kwa hofu. Peleka flashi kwenye mashini yenye Linux, ao uichomeke kwenye simu kwa kale kakebo ka kuunganisha flashi na simu: mara nyingi utaona mafolda yako ya kweli yamekaa tu. Kwenye Windows pia unaweza kuomba mashini ionyeshe faili zilizofichwa, pamoja na zile inazozificha kama za mfumo. Nakili faili zako za kweli fasi safi, acha rakursi na kitu chochote usichokijua, njo uformate. Na mashini iliyoambukiza bado ina ugonjwa, hiyo nayo isafishwe, kama sivyo kesho munaanza upya.

Njia ya kujikinga ni ileile ya panga: uwe na flashi mbili. Moja ni ya kwenda nje, ndani yake weka tu ile PDF ya kuchapa, hakuna kingine. Hata ikiugua haina kitu cha kupoteza, unaiformata jioni. Nyingine haitoki nyumbani. Na kwenye biro ya fakulte, mashini yenye pointi isipokee flashi ya mwanafunzi hata kama analia. Weka mashini nyingine, hata ile ya zamani, yenye Linux, kazi yake iwe kupokea flashi na kuzikagua. Nimeona stasheni moja ya utafiti inafanya hivyo kwa laptopu iliyokatika ekra na kuunganishwa na ekra ya zamani, na inatosha.

Jambo la pili linanisumbua kuliko flashi, nalo ni akaunti ya watu wote. Kwenye biro nyingi kuna jina moja la kuingilia, tuseme "fakulte", na neno la siri moja, limeandikwa kwenye kikaratasi kilichobandikwa chini ya ekra. Sekretari analijua, apariteri analijua, asistanti wawili, na stajeri aliyeondoka mwaka juzi. Watu wanaona ni kurahisisha kazi. Basi siku moja 8 inageuka kuwa 12 kwenye mstari wa mwanafunzi fulani. Nani alibadilisha? Mfumo unasema: "fakulte" alibadilisha, saa tano na dakika kumi. Fakulte ni nani? Na kwa kawaida munajua nani atafukuzwa: siyo profesa, ni yule mdogo, apariteri ao asistanti wa mwaka wa kwanza, hata kama mikono yake ni safi. Kwa hiyo kila mtu awe na jina lake la kuingilia na neno lake la siri. Watu wanadhani kitu hicho ni cha kuwachunguza, kumbe kinamlinda asiye na kosa. Kama ningekuwa apariteri, ningekataa kugusa ile mashini mpaka nipewe akaunti yangu.

Akaunti ya mtawala wa mfumo ndiyo hatari zaidi. Kwenye laptopu zetu nyingi tunaingia kila siku kama watawala, juu Windows ilitufanyia hivyo siku ya kwanza na hakuna aliyebadilisha. Maana yake, kitu unachobonyeza kinaweza kupata haki zako zote kwa urahisi. Tengeneza akaunti mbili: moja ya kawaida kwa kazi ya kila siku, na moja ya mtawala unayoitumia tu ukitaka kuweka programu mpya. Hakuna mtu anayebeba ufunguo wa ghala akienda kwenye harusi.

Juu ya neno la siri lenyewe sitakawia. Urefu unashinda ugumu. Neno kama "Bk@v1" ni fupi, mashini inalivunja haraka. Maneno manne ao matano yasiyo na uhusiano, kama vile kasiksi, daraja, sombe, Jumanne, yakikaa pamoja ni magumu kuvunja na rahisi kukumbuka (usichukue haya, sasa yamesomwa na watu). Usitumie moja kila fasi, kwa sababu ni kama kupanda kichipukizi kimoja shamba zima. Na fasi mfumo unakubali uhakikisho wa hatua mbili, yaani neno la siri pamoja na kode inayotoka kwenye simu yako, iwashe leo hii, ukianzia na barua pepe. Barua pepe njo mlango wa vyote. Mwenye kuishika anaweza kuomba neno jipya la siri la akaunti zako zingine zote.

Programu za kuiba, hapa tuseme ukweli. Nani kati yetu amelipa Windows? Tunaweka ile ya bure na "krake" yake, na ile krake inakuambia kwanza: zima antivirisi. Fikiria hapo. Mtu usiyemjua anakuomba ufungue mlango na ufunge mbwa, kisha anaingia na mfuko. Wakati mwingine mfuko una kile ulichoomba tu. Wakati mwingine una zaidi. Tena Windows ya namna hiyo watu wengi wanaizuia kupokea marekebisho, kwa hofu itagunduliwa ao kwa sababu mega ni bei kali, na seva isiyowekewa marekebisho tumeona ilifanya nini Maastricht. Windows 7 haipati marekebisho ya kawaida tangu 14 Januari 2020, na Windows 10 ilifika mwisho wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Ukitembea kwenye biro za vyuo vyetu utazikuta zote mbili zinafanya kazi kwa furaha.

Sisemi chuo kitoe pesa ambayo hakina. Nasema kazi ya kuchapa barua, kujaza majedwali na kutafuta kwenye intaneti inafanyika vizuri na Linux kama Ubuntu na LibreOffice, vyote viwili vya bure kwa haki, na vinafufua mashini za zamani. Wanafunzi wa enformatike wanatafuta fasi ya staji kila mwaka. Kazi njo hii. Na kwa mega, fakulte inaweza kupakua marekebisho usiku mara moja kwa mwezi kwenye mashini moja, kisha kuyagawa ndani ya rezo bila kulipa mara ishirini.

Rezo yenyewe, maneno mawili tu: wifi ya wanafunzi na rezo ya biro za pointi na pesa zisiwe kitu kimoja. Vifaa vingi vya wifi vinaweza kutoa rezo mbili zilizotengana bila kununua kitu kingine, ni mpangilio tu. Mtaro kati ya mashamba mawili hauzuii mvua, lakini unazuia maji machafu ya huku yasiingie kule.

Kuna wengi watasema: kwetu barua pepe hazisomwi, kwa hiyo ule mtego wa Maastricht hauwezi kutushika. Ni kweli nusu. Kwetu mtego unakuja kwenye kikundi cha WhatsApp cha promosheni. Ujumbe wenye logo ya chuo, eti kuna bursa, jaza jina, namba na tarehe ya kuzaliwa. Ao namba isiyojulikana inajiita mtu wa fedha: akaunti ya minervali imebadilika, lipeni kwa simu kwenye namba hii, bordero mtapewa baadaye. Ao mtu anakuandikia kwa jina la CP wenu: "nimekutumia kode ya tarakimu sita kwa kukosea, nirudishie." Ile kode ni ufunguo wa WhatsApp yako, ukiituma, dakika mbili baadaye wewe uko nje na yeye anaomba pesa kwa shangazi yako kwa jina lako. Wekeni PIN ya hatua mbili kwenye WhatsApp. Na promosheni ikubaliane na sheria moja: habari ya pesa haitoki kwenye kikundi, inatoka kwenye valve ya chuo ikiwa na muhuri, na CP anaenda kuihakikisha kwa miguu.

Sheria ya nchi nayo ipo. Tuna Kode ya Namba, ordonansi-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, ambayo inazungumzia ulinzi wa habari za watu binafsi na makosa ya mitandao. Pointi zako, tarehe yako ya kuzaliwa, namba ya simu ya mzazi wako, ni habari za mtu binafsi. Chuo kinazitunza kwa niaba yako. Ni vizuri wanafunzi wa sheria kati yetu waisome na watuandikie makala yao; mimi naishia mlangoni.

Sasa nije kwenye kitu ambacho, kama chuo kingeniuliza nichague kimoja tu, ningechagua: nakala iliyo nje ya rezo. Tazama wale waliokosa kujipanga. Mwezi huohuo wa Desemba 2019, chuo kikuu cha Giessen, Ujerumani, kilishambuliwa na programu mbaya. Wakazima kila kitu. Watu 38,000 wakapaswa kubadilishiwa neno la siri la barua pepe, na kwa kuwa sheria zao ziliwataka wathibitishe kila mtu kwa macho, wanafunzi na maprofesa walipanga mstari kwenye jumba la michezo, kila mtu na kitambulisho chake mkononi, kufuata mwezi wa kuzaliwa. Sisi tuliozoea mstari wa apariteri tunaelewa ile picha vizuri. Na wale walijitahidi, walisimama tena. Lincoln College ya jimbo la Illinois, Marekani, ilianzishwa mwaka 1865, ikavuka vita kubwa mbili. Korona ikaipunguzia wanafunzi, kisha Desemba 2021 programu ya kuteka ikafunga mifumo yake ya kuandikisha wanafunzi na kutafuta misaada. Walilipa. Mifumo ilipofunguka, Machi 2022, waliona hesabu ya wanafunzi wa mwaka unaofuata haitoshi. Tarehe 13 Mei 2022 wakafunga milango. Mtego peke yake haukuwaua, lakini uliwafanya vipofu wakati ule walipohitaji kuona.

Nakala nzuri iko hivi: faili tatu kwa jumla, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja iwe fasi nyingine kabisa, haijachomekwa kwenye kitu chochote. Ile isiyochomekwa njo mbegu yako ya ghala. Programu ya kuteka haiwezi kufunga diski iliyo ndani ya kabati. Kuweka faili kwenye Google Drive peke yake hakutoshi, kwa sababu mashini iliyounganishwa nayo ikigeuza faili, mabadiliko yanaweza kupanda mpaka kule juu. Diski ya nje inanunuliwa, na kwa fasi nyingi bei yake haifiki minervali ya mwanafunzi mmoja. Promosheni ikichanga, kila mtu anatoa bei ya beinye mbili.

Na hapa sekretari wa juri na CP wanaweza kuanza bila kungoja bajeti ya rekta. Baada ya kila deliberasio, jedwali lote la pointi litolewe pia kwa PDF na lichapwe, lisainiwe na wanajuri kila ukurasa. Karatasi moja inabaki kwa juri, ya pili kwa sekretere akademike. PDF na faili yenyewe vinaingia kwenye diski mbili: moja kwenye kabati ya fakulte yenye kufuli, nyingine kwenye jengo lingine, ao kwa fasi ambayo chuo kinaamini, kwa sababu kwetu kuna pia moto, maji na siku za kukimbia. Funguo zikae kwa watu wawili, siyo mmoja, mtu anaweza kusafiri.

Watu wengi wanaishia hapo, na ni kosa. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni matumaini tu. Diski zinakufa kimya kimya, faili zinaharibika, mtu ananakili folda isiyokuwa yenyewe. Kwa hiyo mara moja kwa semesta, sekretari, asistanti mmoja na mjumbe wa wanafunzi wakae pamoja nusu saa. Wachomeke diski kwenye mashini ambayo siyo ile ya kila siku, iliyokaguliwa, isiyo kwenye intaneti. Wafungue jedwali, wachague majina matano bila mpango, walinganishe pointi zao na karatasi iliyosainiwa. Wahesabu mistari. Promosheni ikiwa na wanafunzi 143 na jedwali likionyesha mistari 143, wanachomoa diski, wanaandika tarehe juu yake kwa fetri, wanasaini kwenye daftari la kabati, na inarudi ndani.